Ushirikishaji wa watazamaji katika mafunzo ya mtandaoni, Bunia

Ushirikishaji wa watazamaji ni tawi la ufundishaji linaloshughulikia jinsi ya kumfanya mtu anayefuata somo au mada kwa njia ya intaneti afikiri, ajibu na atende, asiishie kukodolea kioo macho. Makala hii inalieleza kupitia Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mjini humo mtazamaji mara nyingi hayuko peke yake mbele ya kompyuta: ni kundi la watu ukumbini wanaotazama projekta moja, au mwalimu aliyeshika simu huku akihesabu mega za data zilizobaki. Kwa hiyo kila mbinu hupimwa kwa maswali mawili: inampa mtazamaji kazi gani, na inamlia mega ngapi.

Usuli

Kufundishwa na mtu asiyeonekana si jambo geni Bunia. Redio Candip, iliyotokana na kituo cha utangazaji wa kielimu cha chuo cha ualimu cha ISP Bunia, ilifundisha kwa sauti tupu kabla ya intaneti kufika. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Mji una pia Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom, ambacho mizizi yake ni shule ya teolojia ya mwaka 1961.

Mambo matatu yaliongeza haja ya mafunzo ya mbali. La kwanza ni mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ambao uliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. La pili ni COVID-19: mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 10 Machi 2020, na siku chache baadaye shule zikafungwa. La tatu ni usalama. Tangu Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi, na barabara za kwenda Djugu, Irumu na Mambasa zimeshuhudia mashambulizi ya makundi yenye silaha. Muuguzi au mkuu wa shule anayeitwa kwenye mafunzo Bunia hupima kwanza kama njia inapitika.

Mega, umeme na saa

Mega ni jina la mtaani la kiasi cha data, na ndiyo sarafu ya mafunzo haya. Hesabu yake ni nyepesi. Video inayosafiri kwa kilobiti 600 kwa sekunde hula takriban mega 270 kwa saa kwa upande mmoja. Sauti peke yake, ikienda kwa kilobiti 80, hula 36. Mkufunzi anayewataka watu wote wafungue kamera kwa saa tatu huwa amewatoza ada bila kuitaja, na wale wasioweza kuilipa hutoweka mmoja baada ya mwingine, mkufunzi akidhani wamechoka na mada.

Umeme nao una ratiba yake. Kituo cha Budana kwenye mto Shari kilijengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa mji uliokua baadaye, na wengi hutegemea jenereta au sola. Mkufunzi mwenye busara hutuma faili na maswali jana yake, ili rezo (mtandao) ikikatika katikati, kazi iendelee.

Saa huleta mkanganyiko wa aina yake. Bunia iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Kampala: kipindi kinachoanza Kinshasa saa tatu asubuhi huwakuta watu wa Bunia saa nne, na wa Kampala saa tano. Isitoshe, “neuf heures” ya Kifaransa ni saa tatu ya Kiswahili. Mwaliko uliotafsiriwa neno kwa neno kuwa “saa tisa” unaweza kuwaleta watu alasiri, kipindi kimekwisha.

Usikivu unavyofanya kazi

John Sweller, mwanasaikolojia wa Australia, alieleza mwaka 1988 kwamba akili hubeba mzigo mdogo kwa wakati mmoja, kilichozidi humwagika. Richard Mayer wa Marekani akaonyesha namna ya kuupunguza mzigo huo: ondoa pambo lisilohusika, kata somo vipande, na usiwasomee watu maneno yaleyale yaliyo mbele ya macho yao. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za jukwaa la masomo ya mtandaoni la edX. Waligundua kwamba, video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika sita.

Uchovu wa kamera ulichambuliwa na mtafiti Jeremy Bailenson mwaka 2021. Alitaja sababu nne: nyuso nyingi zinazokutazama kwa karibu, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kujongea, na juhudi ya kutuma na kusoma ishara ambazo watu walioketi pamoja huzielewa bila kufikiri.

Ukiyaweka matokeo haya kando ya bei ya mega, unaona kwamba ufukara wa mtandao unasukuma upande uleule wa utafiti. Vipande vifupi, picha chache, kamera zilizofungwa na sauti iliyo wazi ni nafuu kwa mfuko na kwa akili pia.

Mbinu

Sauti hutangulia picha. Mtazamaji huvumilia picha iliyoganda, lakini sauti inayokatika humfukuza. Kipaza sauti cha bei ndogo kilicho karibu na mdomo hushinda kamera nzuri iliyo mbali, hasa mvua inapopiga bati.

Slaidi moja hubeba wazo moja. Hapa lugha inadai uangalifu. Ukumbi mmoja wa Bunia unaweza kuwa na wasemaji wa Kilendu, Kihema, Kialur na Kibira, wanaokutana katika Kiswahili na Kilingala na kuandika ripoti kwa Kifaransa. Mayer mwenyewe alikubali kwamba kanuni ya kutorudia maneno hulegea pale msikilizaji anapofuata lugha isiyo yake. Ndiyo maana njia ifaayo ni kueleza kwa Kiswahili huku istilahi ya Kifaransa, ile iliyomo kwenye fomu ya kazi, ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa.

Swali huja kila baada ya dakika chache, nalo liwe la kutenda. “Tuko pamoja?” huitikiwa “Tuko pamoja!” hata na aliyesinzia. Lakini mkufunzi wa wauguzi akisema, “Andikeni hatua tatu za kuvua glavu, kwa mpangilio,” hakuna pa kujificha. Utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 unaunga mkono desturi hii: baada ya wiki moja, waliojaribiwa walikumbuka zaidi kuliko waliosoma tena na tena.

Ukimya nao ni mbinu. Mtafiti Mary Budd Rowe aliona katika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu majibu hurefuka. Panapotumika antena ya VSAT, ishara hupanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu na kushuka, kwa hiyo swali na jibu hupoteza zaidi ya nusu sekunde njiani. Mkufunzi asiyejua kusubiri hujijibu mwenyewe, na washiriki huona wamedharauliwa.

Heshima hufungua midomo. Mtu mzima haitwi kwa jina tupu mbele ya watu: ni mama, papa, mwalimu, au prefe ikiwa anaongoza shule ya sekondari. “Papa prefe wa Mahagi, kwenu hili hufanyikaje?” ni swali lenye adabu, na linampa anayejibu nafasi ya mjuzi.

Ukumbi na mwezeshaji

Pale mtandao unapofikia ukumbi mmoja tu, mwezeshaji aliyeketi na washiriki ndiye nusu ya somo. Hugawa watu vikundi, husimamisha video baada ya kila kipande, hutafsiri neno gumu, na kumpelekea mkufunzi majibu kwa ujumbe wa simu. Washiriki hubishana wao kwa wao bila kutumia mega hata moja. Kwa walio Aru au Mambasa bila ukumbi, kundi la WhatsApp hufanya kazi hiyo polepole: sauti ya dakika tatu, swali moja, majibu hadi jioni.

Tathmini na mipaka

Orodha ya waliohudhuria haipimi ushiriki, kwa kuwa simu inaweza kuunganishwa huku mwenyewe akiwa sokoni. Vipimo vyenye maana ni idadi ya waliojibu, makosa yanayojirudia, na kazi inayofanyika wiki zinazofuata: chati ya wodi iliyojazwa sawasawa, somo lililotayarishwa upya.

Njia hii ina mpaka wake. Kuvaa na kuvua mavazi ya kinga ya Ebola hujifunzwa kwa mikono, mbele ya mtu anayeangalia na kusahihisha. Video hutangulia zoezi hilo na kulifupisha. Mwishowe muuguzi lazima asimame mbele ya mwenzake, avue glavu zake, na asahihishwe.