Siku ya Tatu Mpe Jembe: Habari za Wageni na Kazi katika Kasai na Katanga

Sote twaijua methali ya wazee: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twaitumia kwa kucheka, tukimwonya mgeni mvivu kwamba sahani ya bure imekwisha. Lakini tukiisikiliza vizuri, methali hii haimwamuru mgeni peke yake. Yamwamuru mwenye nyumba vilevile. Haisemi: mgeni na atafute jembe. Yasema: mpe. Tena, mtu aliyepewa jembe hawezi kulima hewani, ahitaji shamba. Na akiisha kupata shamba, yuko jirani mpakani anayemtazama.

Nani kati yetu hajapata kuwaona watu waliofika parokiani wakiwa na mzigo kichwani na watoto mkononi, wamekimbia vita au njaa? Siku ya kwanza wanaomba maji na mahali pa kulala. Siku ya tatu wanaomba kazi. Tuwajibu nini? Tumeona vema kutazama nyuma kwanza, kwa sababu nchi yetu ya Kongo imekwisha kulijibu swali hili mara nyingi, pengine vizuri, pengine vibaya sana. Leo tusimulie habari za Kasai na za Katanga.

Wakimbizi wa Luluabourg

Katika miaka ya 1880 na 1890 nchi ya Waluba wa Kasai iliharibiwa na vita vya kukamata watumwa. Majeshi ya wakubwa wa vita, kama Ngongo Lutete, yalichoma vijiji na kuchukua wanawake na watoto. Kisha njaa ikafuata. Waliopona walikimbilia upande wa magharibi, katika nchi ya Bena Lulua, ndugu zao kwa lugha. Wengi wakajikusanya karibu na kituo cha Luluabourg. Mwaka 1891 Padri Emeri Cambier wa shirika la Scheut akaanzisha huko misioni ya Mtakatifu Yosefu, mahali panapoitwa leo Mikalayi. Katika watu wa kwanza wa misioni ile walikuwamo wakimbizi wengi, na watumwa waliokombolewa.

Tufikiri kidogo hali ya mkimbizi yule. Hakuwa na shamba la baba yake, wala kaburi la babu yake, wala mzee wa kumsemea barazani. Alikuwa na mikono tu. Basi alipoona pahali panapofundishwa kusoma, kuandika, kupasua mbao, kupiga matofali na kujenga ukuta, akashika mafundisho hayo kwa nguvu, maana ni mali ambayo adui hawezi kuichoma. Mwenyeji, yeye, alikuwa na ardhi yake na wazee wake. Hakuona sababu ya kufanya haraka.

Hilo ndilo jembe la kwanza tunaloliona katika habari hii: ufundi. Serikali na makompani walipohitaji makarani, maseremala na watu wa kazi ya reli, waliwakuta wale watoto wa wakimbizi wamekwisha kuwa tayari. Na mwaka 1928, reli iliyotoka Bukama hata Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilipomalizika, njia ya zaidi ya kilomita 1,100 ikaunganisha Kasai na Katanga. Mtu wa Kasai aliyejua kalamu au randa akapanda garimoshi, akashuka katika nchi ya shaba.

Katanga yatafuta mikono

Katika Katanga mambo yalianza kwa namna nyingine. Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 garimoshi kutoka kusini likafika Elisabethville, mji wa Lubumbashi wa leo, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Shaba ilikuwa tele, lakini watu walikuwa wachache. Wenyeji wa pale, kama Walamba, waliona afadhali kulima na kuwauzia watu wa migodi chakula kuliko kwenda mgodini wenyewe. Hapo ndipo kompani ikatafuta mikono ya mbali.

Mwaka 1910 likaundwa shirika lililoitwa Bourse du Travail du Katanga. Kwa jina lake, lilikuwa soko la kazi: mahali ambapo mtu mwenye kazi na mtu mwenye nguvu wangekutana. Lakini soko la kweli lina watu wawili wanaopatana bei kwa hiari. Hapa walioandikwa walikuwa mara nyingi vijana waliotolewa na masultani wao, kwa kuwa sultani alipewa zawadi kwa kila kichwa, au kwa kuwa aliogopa serikali. Wengine walitoka Lomami, wengine Rhodesia ya Kaskazini, wengine Angola.

Walitembea kwa miguu siku nyingi. Walifika wamechoka, wakalazwa wengi katika nyumba moja, wakala chakula wasichokizoea. Kichomi, kuhara na homa vikawaua wengi sana. Waliobaki na nguvu, wengi walitoroka usiku. Katika miaka ya 1925 hata 1930 walitafutwa pia vijana kutoka Rwanda na Burundi. Watu hawa wa milimani waliozoea baridi, maharagwe na ndizi, waliletwa kwenye unga wa mahindi na vumbi la mgodi, na mauti yakavuna kati yao bila huruma.

Tulitie jambo hili moyoni. Kumpatia mtu kazi si kumchukua mahali pamoja na kumtua mahali pengine kama gunia. Watu wale walipewa jembe siku ya kwanza kabisa, kabla ya maji na kabla ya kupumzika. Na jembe la namna hiyo likawa la kuchimbia makaburi.

Mwaka 1928 na mambo yaliyogeuka

Union Minière yenyewe ilitambua kwamba inapata hasara. Kumtafuta mtu mbali, kumlisha njiani, kumfundisha miezi michache, halafu akafa, akatoroka au akarudi kwao, ni gharama bure. Basi tangu mwaka 1928 ikashika mwendo mpya. Mkataba ukawa wa miaka mitatu. Mfanyakazi akaruhusiwa, hata akahimizwa, kuja na mke wake. Nyumba za jamaa zikajengwa, na kijana asiye na mali ya ndoa akakopeshwa. Daktari Léopold Mottoulle akawa mkuu wa mambo hayo kwa muda mrefu. Zikawekwa lopitali, mahali pa kupima watoto wachanga, na shule zilizoongozwa na mapadri na masista.

Matunda yakaonekana. Mauti yakapungua, na kutoroka kukapungua. Mtoto aliyezaliwa kambini akajifunza ufundi, akaitwa kazini mahali pa baba yake. Watu wa makabila mengi wakakaa ukuta kwa ukuta, wakasema Kiswahili kimoja. Watu wa kambi wakaipa kompani jina la Tshanga-Tshanga, yaani mwenye kuchanganya. Wengine wakasema kwamba kazi ni baba yao na mama yao.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Baba yule alikuwa mkali, na mkono wake ulishika funguo zote. Nyumba ilikuwa yake, posho ilikuwa yake, shule ilitayarisha watu kwa ajili yake. Shaba ilipoanguka bei tangu mwaka 1930, aliwaondoa wafanyakazi weusi zaidi ya nusu. Desemba 1941 wafanyakazi walipoomba mshahara wa kutosha, askari wakawapiga risasi pale Elisabethville, na Léonard Mpoyi aliyewasemea akafa pamoja na wengine wengi. Mgeni ambaye kazi yake, nyumba yake na shule ya watoto wake zimo katika mkono mmoja, hana mahali pa kusimama mkono ule ukifunguka.

Jirani aliyesahauliwa

Sasa tufike kwenye neno lililo zito kuliko yote. Makompani yalimfikiri mgeni kwa kuwa yalimhitaji. Misioni zilimfikiri kwa kuwa alibisha mlangoni. Ni nani aliyemfikiri mwenyeji?

Katika Luluabourg, Bena Lulua waliokuwa wamewapokea wakimbizi waliona, baada ya miaka sitini, kwamba watoto wa wageni ndio wanaokaa katika viti vya ofisi, hali watoto wao wenyewe wamebaki nyuma. Wakauliza habari za ardhi. Oktoba 1959 vita vikawaka kati ya ndugu hawa wa lugha moja. Waluba wakakimbia tena, safari hii kurudi katika nchi ambayo babu zao waliihama, na karibu na Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, njaa ikawaua wengi.

Katika Katanga ikawa vilevile. Desemba 1957 watu wa Elisabethville walipochagua kwa mara ya kwanza wakubwa wa komune zao, wengi walioshinda katika komune za watu weusi walikuwa watu wa Kasai. Wenyeji wakashtuka. Oktoba 1958 chama cha CONAKAT kikaundwa, na neno lake kubwa likawa haki za wenyeji wa Katanga mbele ya wageni. Baada ya Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, uadui ukazidi. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wakakaa katika kambi pembeni ya Elisabethville, mji uleule waliousaidia kujengwa.

Tungedhani kwamba somo lilieleweka. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1980 Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière tangu 1967, ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, mashine zikachakaa, fedha zikaliwa. Hata mwaka 1994 shaba haikufika tani 50,000. Kazi ikawa chache. Na kazi ikipungua, watu hutafuta wa kulaumu. Mwaka 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na penginepo. Walilala majuma mengi kwenye stesheni wakingoja garimoshi, na watoto wengi wakafa pale. Wengi kati ya waliofukuzwa walizaliwa Katanga. Kasai walikuwa hawajaiona hata siku moja.

Mwenyeji alikosa kazi. Hilo ni kweli, na uchungu wake ulikuwa wa haki. Lakini si yule jirani Mluba aliyeiporomosha Kamoto. Kumfukuza hakukurudisha tani hata moja ya shaba. Kulitoa tu walimu katika shule na mafundi katika karakana.

Tufanye nini sisi?

Habari hizi si za zamani tu. Vita vya Kamuina Nsapu katika Kasai, mwaka 2016 na 2017, viliwahamisha watu zaidi ya milioni moja. Katika Kivu na Ituri watu wamekimbia mara nyingi kupita hesabu ya vidole. Mlango wa parokia waendelea kubishwa.

Kwanza, mgeni apewe siku zake mbili: apumzike, aponywe, awe pamoja na jamaa yake. Wale vijana wa milimani walikufa kwa sababu siku hizo zilikatwa.

Kisha tumwulize: Huko kwenu ulifanya kazi gani? Swali hili dogo twalisahau. Twamwona mwenye nguo chafu, twampa kubeba mizigo, kumbe ni fundi wa cherehani, au mwalimu, au mjuzi wa kuunga chuma. Hana karatasi, kwa kuwa karatasi imeungua pamoja na nyumba. Basi fundi wa parokia na amjaribu siku moja. Akimwona anajua, amshuhudie kwa tajiri. Mgeni hana anayemjua. Tuwe sisi watu wanaomjua.

Tena, tusimfanye mgeni kuwa nyundo ya kuvunjia mshahara wa mwenyeji. Tajiri akisema, "Huyu ana njaa, atakubali nusu," tumjibu kwamba kazi moja ina bei moja. Nusu ile huleta hasira mtaani kabla mwezi haujaisha.

Na la mwisho: tukifungua karakana au darasa la kushona, tusilifungue kwa wageni peke yao. Tuweke benchi moja: mtoto wa mkimbizi upande huu, mtoto wa mwenyeji upande huu, na randa ipite kati yao. Ingekuwa hivyo pale Luluabourg tangu mwanzo, huenda Oktoba 1959 ingepita kama miezi mingine.

Tunamkumbuka Ruthu, mwanamke wa Moabu, mgeni aliyeokota masuke katika shamba la Boazi. Boazi hakumpa mkate tu. Alimwacha afanye kazi, akawaagiza watumishi wake wasimsumbue, tena akamwita ale pamoja nao. Shamba, amani na majirani, na mahali mezani: yote matatu kwa siku moja.

Basi, ndugu, mgeni akitufikia, tuhesabu siku zake mbili kwa upole. Siku ya tatu tumpe jembe. Kisha tutoke naye hata mpakani mwa shamba, tumwite jirani kwa jina lake, wasalimiane.