Wimbo wa Pasaka Uliotoka Makumira

Historia ya Kanisa mara nyingi huandikwa kwa kuhesabu majengo, wachungaji na waliobatizwa. Mimi nimeomba nafasi ndogo katika kitabu hiki cha miaka mia ili niandike juu ya nyimbo, kwa sababu Mkristo wa kawaida huibeba imani yake zaidi katika wimbo kuliko katika mahubiri yetu sisi wachungaji.

Wamisionari wa Kijerumani walituletea Injili pamoja na nyimbo za kwao. Ni nyimbo njema, na nyingi tunaziimba hata leo. Lakini tuni zile zilitungwa kwa maneno ya Kijerumani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na mara nyingi tuni ilitaka mkazo mahali pengine, basi neno likapindishwa ili lienee. Ngoma nayo ilibaki nje ya mlango, kwa kuwa ilihesabiwa pamoja na unyago na matambiko. Sisi tunaoishi Mahege, kati ya Wandengereko na Warufiji, twajua uzito wa jambo hilo: huku mtu hulelewa, huozwa na huagwa kwa ngoma. Hivyo mwamini alijifunza kuwa na sauti mbili, moja ya ibadani na nyingine ya nyumbani.

Mabadiliko yalikuja kwa namna ya pekee katika Chuo cha Theolojia Makumira, karibu na Arusha, miaka michache baada ya makanisa saba ya Kilutheri kuungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Hapo alifundisha Howard Olson, Mmarekani aliyefika Tanganyika mwaka 1946. Alikuwa mwanafunzi wa lugha kabla ya kuwa mtu wa nyimbo. Aliandika kitabu juu ya sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu, kilichotoka mwaka 1964. Katika lugha nyingi za Kibantu, ingawa si katika Kiswahili, kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Mtu aliyezoesha sikio lake jambo hilo hawezi kuudharau wimbo wa mwenyeji.

Darasani kwake walikuwamo vijana waliokulia katika nyimbo hizo. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka “Mfurahini, Haleluya” kwa tuni ya Kihaya. Wimbo unasimulia habari za kaburi na malaika, kisha wote wanajibu kwa kiitikio, hata asiyejua kusoma. Mwenzake, Wilson Niwagila, alitunga “Njoo kwetu, Roho mwema”. Olson alikusanya nyimbo za namna hii katika kitabu “Tumshangilie Mungu” mwaka 1968, na nyingine akazitafsiri kwa Kiingereza.

Napenda kuukazia macho urafiki huu. Mwalimu hakuwatungia wanafunzi, na wanafunzi hawakumwiga mwalimu. Mmoja alikuwa na tuni ya bibi na babu, mwingine alikuwa na nota na njia ya kufika kwa mpiga chapa. Bila Kyamanywa, Olson angekuwa na karatasi tupu. Bila karatasi, huenda wimbo ule usingevuka Ziwa Viktoria. Olson alifariki mwaka 2010.

Wimbo ulisafiri. Ulrich Leupold aliuweka katika Kijerumani mwaka 1969, na katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, kilichoanza kutumika miaka ya 1990, ni namba 116. Wale waliotufundisha kuimba sasa huimba Pasaka kwa tuni ya Bukoba.

Baada ya karatasi vikaja vyombo vingine. Redio Sauti ya Injili ilirusha matangazo kutoka Addis Ababa kuanzia mwaka 1963 hadi ilipotaifishwa mwaka 1977, na studio ya Moshi ilitayarisha vipindi vya Kiswahili. Ikafuata kaseti, kisha kinanda cha umeme, na sasa simu. Sina ugomvi na kinanda. Ila kinanda huja na mapigo yaliyokwisha kutengenezwa kiwandani, na kwaya isiyojihadhari hujikuta ikiimba kama kwaya nyingine zote, kutoka Kibiti hadi Mwanza. Wimbo mpya hufika kwa simu asubuhi, jioni umekaririwa, na hakuna aliyeuliza kama tuni yetu wenyewe ingeweza kuyabeba maneno hayo.

Walakini simu hiyohiyo hurekodi. Kijana wa kwaya anaweza kuketi na mzee chini ya mwembe na kuichukua tuni yote kwa dakika tatu, kazi ambayo wakati wa Makumira ilihitaji mtu ajuaye nota. Tuni za huku bado zipo kwa akina mama wanaotwanga na wazee wanaopiga makasia mtoni. Wengi wao si Wakristo, nao ni jirani zetu. Kwa hiyo ni lazima tuombe ruhusa kwanza, na jina la aliyetuimbia liandikwe chini ya wimbo.