Ujira na Shuruti: Historia ya Kazi Masisi na Walikale

Msamiati wa Kiswahili kuhusu kazi ya malipo una mizizi ya Kiarabu: ujira, mshahara, linalotokana na neno la mwezi, kibarua, lililozaliwa na barua. Wako wanaodai kwamba pamoja na maneno hayo Uislamu uliipelekea Kongo ya mashariki maadili ya kazi: kutomchelewesha mtu malipo yake, kumpa nafasi ya sala, kutomtwika asichokiweza. Dai hilo halina budi kupimwa.

Kwamba maadili hayo yamo katika mafundisho ya dini, hakuna ubishi. Lakini kibarua wa Unguja katika karne ya 19 mara nyingi alikuwa mtumwa aliyekodishwa, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana wake. Mpagazi huru wa msafara aliweza kupatana malipo na posho kabla ya safari, hata kugoma njiani; mateka wa Maniema hakuwa na nafasi hiyo. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliwashuhudia watu wa wafanyabiashara wa pwani wakifyatua risasi sokoni Nyangwe. Waliokufa, wengi wao wanawake, walihesabiwa kwa mamia. Kutoka huko misafara ya pembe za ndovu iliingia katika misitu ya Wakumu.

Vita vya 1892–1894 viliuvunja utawala wa wafanyabiashara hao. Shuruti ilibaki. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamishia Masisi makumi ya maelfu ya Wanyarwanda, na mashamba ya walowezi yakapata vibarua. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wanakijiji wakasukumwa msituni kugema mpira, mashamba yao yakiwangoja.

Mapema mwaka 1944 Wakumu wa Masisi na Lubutu waliasi. Kiongozi wao, Bushiri Lungundu, alikuwa na jina ambalo pwani ni la Waislamu (athari hizo hazifutiki upesi), lakini alichohubiri kilikuwa Kitawala, imani iliyochipuka kutokana na Watch Tower. Waliochoshwa na shuruti hawakuitafuta haki yao katika msamiati wa ujira. Maasi yalizimwa kwa silaha, na Bushiri akafa gerezani mwaka 1945.