Green Day na Deni la Mtaa wa Gilman

Wengi husimulia historia ya Green Day kuanzia Februari 1994, albamu ya Dookie ilipotolewa na Reprise, tawi la Warner, na vijana watatu wa California wakapata umaarufu kabla mwaka haujaisha. Ukianzia hapo utaamini kuwa kampuni kubwa ndiyo iliyoiunda bendi. Lakini miaka saba iliyotangulia inaonyesha kwamba Warner ilinunua kitu kilichokwisha kuiva, na kilikuwa kimeivia katika ukumbi wa watu wa kujitolea mjini Berkeley, namba 924 mtaa wa Gilman.

Billie Joe Armstrong na Mike Dirnt walikuwa marafiki wa tangu utotoni, waliokulia Rodeo na miji jirani, penye mitambo ya kusafisha mafuta na burudani haba. Mwaka 1987 bendi yao iliitwa Sweet Children, na onyesho lao la kwanza lilifanyika kwenye mgahawa wa Vallejo alikofanya kazi mama yake Armstrong. Ukumbi wa Gilman ulikuwa umefunguliwa tarehe 31 Desemba 1986. Pombe ilikatazwa humo, hivyo hata watoto wa shule waliingia, wengine wakapanda jukwaani. Katika nchi ambayo mtu hanunui pombe kabla ya kutimiza miaka 21, na muziki wa usiku uko mikononi mwa baa, kijana wa miaka 16 angejifunzia wapi kukabili umati? Humo ndimo walimojulikana, na Larry Livermore wa kampuni ndogo ya Lookout Records akatoa santuri yao ndogo ya kwanza mwaka 1989, Armstrong akiwa na miaka 17 na bendi ikiwa imeshachukua jina la Green Day. Hata Tré Cool, mpiga ngoma aliyempokea John Kiffmeyer, alitoka katika bendi ya Livermore mwenyewe. Walizunguka Marekani kwa gari kuukuu la maktaba, baba yake Tré akiwa dereva. Kufikia albamu ya Kerplunk walikuwa na mashabiki wao, na Warner ilikuwa bado haijawagharimia hata senti.

Atatokea wa kusema kwamba mlango ulifunguliwa na mafanikio ya bendi ya Nirvana mwaka 1991. Ni kweli, lakini hilo linaeleza tamaa ya kampuni, si uwezo wa bendi. Hoja nzito zaidi ni ya kipaji: Gilman ilipandisha jukwaani bendi nyingi, na nyingi hazikufika mbali. Hapa nakubali nusu. Ukumbi hautungi nyimbo, na sikio la Armstrong kwa melodia tamu juu ya magitaa yanayonguruma halikutoka Gilman. Ila kipaji hicho kilihitaji mahali pa kukosea bila kufukuzwa. Wanaodai kwamba bila mtaji mkubwa muziki huu usingeuzika waitazame bendi ya The Offspring, waliouza mamilioni ya nakala za albamu ya Smash mwaka huohuo wa 1994 wakiwa na Epitaph, kampuni huru.

Bendi iliposaini na Reprise mwaka 1993, Gilman iliifungia mlango, kwa kanuni yake ya kutopokea bendi za kampuni kubwa. Wengi wameuona uamuzi huo kuwa wivu. Mimi nauona wa haki, ingawa mchungu: watu waliofagia sakafu bila malipo hawakuwa na wajibu wa kuikuzia Warner wasanii. Mlango ulifunguka tena mwaka 2015, Green Day walipopiga humo katika onyesho la kuchangisha fedha. Lakini tusiwafanye wadogo kuwa malaika. Mwaka 2005 Green Day waliziondoa rekodi zao za mwanzo mikononi mwa Lookout kwa sababu ya mirabaha ambayo haikuwa imelipwa, na kampuni ile iliyowatoa ikadhoofika hadi ikafungwa.