MKURABITA
Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, ulioanza mwaka 2004 chini ya Rais Benjamin Mkapa. Chimbuko lake ni hoja ya Hernando de Soto, mchumi wa Peru na mtetezi wa soko huria: maskini ana mali, ila haina hati, kwa hiyo benki haiitambui.

Karibu wakati huohuo Wizara ya Ardhi ilianzisha leseni za makazi, yaani hati za muda za viwanja, huko Kinondoni, Temeke na Ilala jijini Dar es Salaam, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya 1999. Zilikuwa za miaka miwili, baadaye mitano. Wengi hawakuzihuisha, na waliozitumia kukopa walikuwa wachache.

Haishangazi. Katika mitaa ya jiji hilo kama Mbagala au Tandale nyumba huuzwa kwa karatasi ya mkono, mjumbe akiwa shahidi, kisha muhuri wa serikali ya mtaa. Mpaka wenyewe pengine ni mnazi wa jirani. Utaratibu huo ulikwishajenga soko. Kilichokosekana, jambo ambalo de Soto hakulipa uzito, ni kipato cha uhakika cha kulipia marejesho. Nani aweke rehani nyumba ya urithi kwa mtaji wa genge? Serikali, kwa upande wake, ilipata orodha ya walipa kodi ya ardhi.