Ribritha: mtambo wa kuzamia unaomrudisha mzamiaji stadi kwenye alifu

Mwaka jana mpwa wangu, anayepeleka watalii kuzamia huku Pwani ya Kusini, aliniletea simu yake nitazame video. Mtu yuko chini ya bahari, mgongoni ana mtambo mfano wa sanduku, na kasa anamsogelea mpaka karibu amguse. Nikamuuliza ajabu yake ni nini, kasa si tunawaona kila siku? Akanambia, "Mjomba, tazama vizuri. Hakuna mapovu."

Kweli, hapakuwa na povu hata moja. Mtambo ule wazamiaji huuita ribritha. Kwa lugha yetu twaweza kusema mtambo wa kurudisha pumzi, maana kazi yake ndiyo hiyo: pumzi unayoitoa haimwagiki baharini, husafishwa ikarudishwa kwako. Mpwa wangu alikuwa amepata mfadhili wa kumlipia masomo yake kule Dahab, Misri, kwenye Bahari ya Shamu, na furaha ilikuwa haimtoshi. Kisha akasema neno lililonikosesha usingizi. "Huu utanichukua siku mbili tu mjomba. Babu alizamia kamba bila chochote, na mimi pumzi yangu ikikaribia kuisha nalijua."

Neno hilo ndilo lililonifanya nisome na kuulizia, na ndilo linalonifanya niandike. Vijana wetu wengi wanajua bahari kuliko wageni wanaowafundisha, na mtambo huu unawapa hatari ambayo ujuzi wao wa kuzaliwa nao hauioni.

Tuanze na mtungi wa kawaida. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, na tukiitoa bado ina karibu asilimia 16. Yaani mwili huchukua kidogo sana, na kilichobaki chote chapanda juu kikiwa mapovu. Bahari nayo inaongeza gharama. Ukifika mita 10 mgandamizo ni maradufu ya juu, ukifika mita 30 ni mara nne, na kila pumzi yala hewa kwa kiasi hichohicho. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mgandamizo wa 200 una hewa kama lita 2,400. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia 80 akiwa mita 30, kwa hiyo nusu saa tu mtungi mtupu, na hapo hujahesabu akiba ya kupandia.

Lakini oksijeni ambayo mwili wenyewe unaila haiongezeki kwa kina. Mtu anayeogelea polepole hula kama lita moja kwa dakika, awe mita 5 au mita 50. Ribritha imejengwa juu ya ukweli huo. Unapumua kwenye mpira wa mdomoni wenye mabomba mawili. Pumzi ikitoka huingia kwenye mfuko, hupita kwenye kichujio kilichojaa chembe nyeupe za chokaa maalumu inayonyonya hewa ukaa, kisha sensa hupima oksijeni iliyobaki. Ikiwa imepungua, mtambo huongeza kidogo kutoka mtungi mdogo wa oksijeni, au mzamiaji mwenyewe hubonyeza kitufe, kutegemea aina ya mtambo. Mtungi mdogo wa pili una hewa ya kawaida, au mchanganyiko wenye heliamu kwa wanaokwenda chini zaidi. Huo wajaza nafasi maji yanapobana mifuko. Mtungi wa oksijeni wa lita 3 una oksijeni lita 600 hivi. Kwa hesabu ya karatasi ni saa kumi. Kwa kweli chokaa huchoka mapema zaidi, mara nyingi baada ya saa tatu hivi, na maji yakiwa baridi huchoka upesi.

Wala si jambo jipya. Mwingereza Henry Fleuss alitengeneza wa kwake mwaka 1878, na mwaka 1880 mzamiaji Alexander Lambert akautumia kufunga mlango katika handaki la reli lililofurika chini ya mto Severn. Desemba 1941 wanamaji wa Italia waliingia bandari ya Alexandria usiku wakiwa na mitambo ya aina hii na kuziharibu vibaya manowari mbili za Uingereza. Mapovu ya kuwafichua hayakuwapo. Mitambo ile ilikuwa ya oksijeni tupu, na oksijeni tupu ikipita mita 6 hivi huanza kuwa sumu. Ya leo huchanganya gesi na kuzipima, ndiyo sababu hufika mbali.

Sasa turudi kwa neno la mpwa wangu.

Yeyote aliyezamia pweza au kamba kwa pumzi yake anajua ile hali ya kifua kuanza kuvuta, tumbo likaruka, moyo ukasema panda. Sote hudhani huko ni kukosa oksijeni. Sivyo. Kinachopiga kelele mwilini ni hewa ukaa iliyojaa. Mwili wa binadamu una kengele ya hewa chafu, lakini ya oksijeni iliyopungua ni dhaifu mno, karibu ni kama haipo. Kwenye ribritha ile chokaa inaiondoa hewa ukaa pumzi baada ya pumzi. Kwa hiyo vali ya oksijeni ikisahaulika kufunguliwa, mzamiaji ataendelea kupumua kwa raha, kifua chepesi, huku oksijeni ikishuka kutoka 21 mpaka 16, mpaka 10, kisha taa zinazimika. Hakuna maumivu wala kiu ya pumzi. Mpira wa mdomoni unateleza, maji yanaingia.

Wengi watadhani hilo hutokea chini kabisa. La. Hatari kubwa ya oksijeni ndogo iko juu, mwanzoni kabisa mtu anapoogelea kutoka kwenye boti, na wakati wa kupanda. Mgandamizo unapopungua, nguvu ya oksijeni ileile nayo hupungua. Pumzi iliyomtosha mtu mita 20 yaweza kumzimisha akiwa anaiona boti.

Oksijeni ikizidi nayo ina balaa lake. Mitambo mingi huwekwa ishikilie 1.3, yaani zaidi kidogo ya nguvu ya oksijeni safi juu ya nchi kavu. Ikipita 1.6 mtu aweza kushikwa na mtukutiko kama wa kifafa, tena bila onyo. Na iko hewa ukaa yenyewe, chokaa ikiwa imechoka, imejazwa vibaya, au mpira mmoja wa kuzibia umesahaulika mezani. Hapo kengele italia, lakini italia sana. Mtu hutweta na kuingiwa na hofu kiasi kwamba hawezi kuutoa mpira mdomoni hata kwa sekunde mbili ili ahamie mtungi wa akiba. Na maji yakifika kwenye chokaa hugeuka maji makali yanayounguza koo, makali kuliko magadi yoyote uliyowahi kuonja.

Daktari Andrew Fock wa Australia alichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa vifo vya watumiaji wa mitambo hii kati ya 1998 na 2010. Alihesabu 181, akakadiria kwamba hatari yake ni kama mara kumi ya mbizi za starehe za mtungi wa kawaida. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wenye ribritha huenda mahali pagumu zaidi. Sehemu nyingine ni watu kuingia majini huku mtambo umeshaanza kuwaambia kuna kasoro.

Mpwa wangu alikwenda. Vyama vinavyotoa vyeti kwa kawaida hudai mtu awe ametimiza miaka 18, awe na cheti cha mbizi za kawaida na cha kutumia hewa iliyoongezwa oksijeni, na daftari lenye mbizi za kutosha. Hayo yote alikuwa nayo. Siku ya kwanza alitaraji kuingia baharini, akashinda mezani. Mwalimu alimfanya aufungue mtambo wote vipandevipande, aupange, aufungue tena. Kuijaza chokaa peke yake kulichukua muda, unamimina, unagonga ubavu wa chombo, unamimina tena, kama mtu anayejaza pishi asidhulumu wala asidhulumiwe. Ukiacha pengo, pumzi hupita hapohapo bila kusafishwa.

Kisha ukaguzi. Unavuta hewa yote itoke mifukoni, unaangalia kama mifuko inabaki imebana. Unajaza mpaka iwe migumu, unasubiri kuona kama inalegea. Sensa ziko tatu, maana moja ikidanganya mbili zitaisuta, na hupimwa kwa oksijeni safi kabla ya kutumika. Zina umri nazo, huhesabiwa kwa miezi na si kwa jinsi zinavyoonekana. Mwisho unakaa kitako, pua imezibwa, unapumua kwenye mtambo dakika tano macho kwenye skrini. Dakika tano hizo husaidia kuona kama oksijeni inashika mahali pake. Kwa hewa ukaa hazitoshi. Watu wamejaribiwa na kichujio chenye kasoro ya nusunusu, na wengi hawakuhisi kitu.

Orodha ya ukaguzi husomwa kwenye karatasi kila mara, hata kama umeihifadhi. Mpwa wangu alipojaribu kuisoma kwa moyo, mwalimu alimvua mtambo akamwambia aanze upya.

Majini ndiko alikoaibika. Mzamiaji wa mtungi hupanda na kushuka kidogo kwa mapafu yake: ukivuta unainuka, ukitoa unazama. Kwenye ribritha pumzi hutoka mapafuni ikaingia mfukoni, uzito wako haubadiliki hata kidogo. Kijana mwenye mamia ya mbizi akawa anaelea kama dafu katika maji ya mita 4, huku watalii wakimpita. Kujizuia pumzi nako, silaha yake ya tangu utotoni, kukawa tabia ya kuiacha. Pumzi isipozunguka, sensa hazina cha kupima wala chokaa haina cha kusafisha.

Siku zilizobaki za wiki ile zilikuwa za dharura za kuigiza. Mwalimu anaonyesha ishara kwamba sensa imekufa, oksijeni imekwama wazi, maji yameingia. Jibu la mengi kati ya hayo ni moja: funga kidomo ili bahari isiingie, hamia mtungi wa akiba, panda. Mtungi huo wa akiba si pambo. Lazima uwe na hewa ya kukufikisha juu kutoka sehemu ya mbali kabisa ya safari yako, ukiwa umetweta.

Cheti anachopewa mtu ni cha aina ile ya mtambo aliyojifunzia, si cha mitambo yote. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu ni rahisi mgeni kumuuzia au kumuachia kijana mtambo wake mkuukuu kwa heri. Mpya hugharimu maelfu ya dola, mingi hupita 7,000, zaidi ya shilingi laki tisa. Wa mkono wa pili unaweza kuja na sensa zilizokwisha umri na mipira iliyokauka. Na ile desturi yetu ya kupaka mpira mafuta ya nazi usipasuke, tafadhali iachwe mbali na mtambo huu. Oksijeni ya mgandamizo mkubwa ikikutana na mafuta huweza kuwaka moto.

Je, twauhitaji? Kwa Kisite au Watamu, kwa maoni yangu, hapana. Matumbawe ya kutazamwa yako mahali ambapo mtungi wa kawaida watosha na ziada. Hata ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 na kufukuliwa na wazamiaji mwishoni mwa miaka ya 1970, haiko kwenye kina cha kuhitaji haya.

Lakini Septemba 2019 tulisimama ufuoni Likoni. Gari lilikuwa limetumbukia kutoka feri likiwa na mama na mwanawe, na siku 13 zilipita kabla ya kuopolewa, kutoka kina cha karibu mita 58. Kwenye kina kama hicho hewa ya kawaida humlewesha mzamiaji, na dakika za mtungi ni za kuhesabu kwa vidole. Mimi ningependa siku ya msiba kama ule pawepo wana wa Pwani waliofunzwa kazi ya kina, na ribritha ni mojawapo ya njia zake. Na yule samaki wa kale, silakanthi, aliyenaswa na wavuvi karibu na Malindi mwaka 2001, makao yake ni zaidi ya mita 100 chini. Mfaransa Laurent Ballesta aliwapiga picha wenziwe huko Sodwana, Afrika Kusini, mwaka 2010, akitumia ribritha. Wetu sijasikia kwamba ameonwa na mtu akiwa kwake.

Mpwa wangu alirudi na cheti, bila mtambo. Bado anapeleka watalii kwa mitungi. Ila juzi nilimkuta kwenye boti kabla ya kutoka, karatasi mkononi, akisoma kwa sauti vali moja baada ya nyingine, na wenzake wakimcheka. Alipomaliza akaanza tena, kwa sababu mmoja wao alikuwa amemkatiza.