Mgeni, Mwenyeji na Mwenye Nyumba: Historia Fupi ya Kulaza Wageni Katika Katanga

1. Utangulizi

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" yajulikana kwa wasemaji wa Kiswahili kuanzia Unguja hata Kolwezi. Mara nyingi walimu huifasiri kuwa ni onyo dhidi ya uvivu. Fasiri hiyo si mbaya, lakini yaacha nje jambo moja lenye uzito. Ili mtu aweze kumpa mgeni jembe, sharti kwanza awe na shamba. Tena awe na mamlaka ya kusema ni nani alalaye nyumbani mwake, na kwa siku ngapi. Je, methali hiyo yasemaje mahali ambapo mwenyeji hana shamba, na nyumba anamolala si mali yake?

Swali hilo si la kubuni. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne, maelfu ya jamaa za Katanga ziliishi katika hali hiyo hiyo, ndani ya kambi za migodi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba adabu za kulaza wageni, ambazo tumezoea kuziita "mila zetu" kana kwamba zilishuka kwetu bila kubadilika, zina historia yake. Na kwamba kiini cha historia hiyo ni ugomvi juu ya haki moja tu: haki ya kutamka neno "karibu".

2. Maneno yenyewe

Tuanze na msamiati. Mzizi -geni waenea katika lugha nyingi za Kibantu: Wabemba husema umweni, na wasemaji wa Ciluba husema muenyi. Katika lugha hizo, kama katika Kiswahili, neno moja labeba maana mbili ambazo Kifaransa hutenganisha: mtu tusiyemjua, na mtu tunayempokea nyumbani. Kifaransa nacho kina neno hôte, ambalo humtaja mwenye kupokea na mwenye kupokewa pia. Basi lugha hizi mbili, ambazo wasomi wa Lubumbashi huzitumia kila siku, zagawanya dunia kwa namna mbili tofauti. Kifaransa chaweza kuwaunganisha mwenyeji na mgeni wake kwa jina moja, na kumwacha asiyejulikana nje ya mlango. Kiswahili humwingiza asiyejulikana ndani, kwa kuwa jina lake ni lile lile la anayekaribishwa.

Neno mwenyeji nalo lastahili kutazamwa. Twaona ndani yake -enye, na wengi husikia pia mji. Mwenyeji, kwa maana hiyo, si mwenye kuta na bati. Ni mtu wa mahali, mwenye kutambuliwa na majirani zake kuwa aweza kumdhamini mwingine. Tofauti kati ya mwenyeji na mwenye nyumba itatufaa sana hapo mbele.

3. Mkataba usioandikwa

Katika vijiji vya kusini mwa Kongo, kumlaza mgeni kulikuwa mkataba, ijapokuwa hakuna aliyeuandika. Mgeni hupiga hodi na kungoja. Hupewa kiti na maji kabla ya kuulizwa habari za safari, na haulizwi shida iliyomleta mpaka awe amekula. Kuku akichinjwa, firigisi huwekwa kwenye sahani ya mgeni wa heshima, wala mtoto haruhusiwi kuitamani kwa macho. Watoto huhamishwa walale mkekani, ili mgeni apate kitanda. Mgeni naye ana wajibu wake: huamka mapema, hukunja alichotandikiwa, haingii chumba cha wenye nyumba, wala haondoki bila kuaga. Siku ya kuondoka husindikizwa, na heshima yake hupimwa kwa urefu wa njia ambayo mwenyeji atatembea pamoja naye.

Kulikuwa pia na kanuni za ukwe. Kwa Waluba na Wabemba, kama kwa makabila mengine mengi, mwanamume humwepuka mama mkwe wake kwa heshima. Hivyo mama mkwe ajapo kutembelea, hulazwa katika nyumba nyingine, kwa ndugu au kwa jirani. Kanuni hii yahitaji kitu kimoja: kuwepo kwa nyumba nyingine.

Ukarimu huo haukuwa upole mtupu. Historia ya nchi hii yaonyesha kwamba watu walifahamu hatari iliyomo katika kumpokea mgeni. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mwana wa Kalasa, alifika kutoka upande wa mashariki wa ziwa Tanganyika akiwa mfanyabiashara. Alipokewa kama mgeni na wakuu wa nchi, nao wakampa mahali pa kukaa. Kwa bunduki na kwa biashara ya pembe, shaba na watumwa, mgeni huyo akajijengea ufalme, na Bunkeya ikawa mji wake mkuu. Mnamo mwezi wa Desemba 1891 wageni wengine, wale wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya mfalme Léopold II, walifika Bunkeya. Tarehe 20 ya mwezi huo Msiri aliuawa kwa risasi ya kapiteni Bodson. Kwa hiyo mara mbili, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, mgeni aligeuka kuwa bwana wa nchi. Methali ya jembe yaweza kusomwa kwa mwanga huo pia: mgeni apewaye jembe siku ya tatu huingizwa katika kazi na sheria za mwenyeji, wala haachiwi nafasi ya kujitungia zake.

4. Kambi: mwenyeji asiye na mlango

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na moto wa tanuri la Lubumbashi uliwashwa mwaka 1911. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi, wengi wao bila wake zao. Kuanzia mwaka 1927 na 1928 kampuni ilibadili siasa yake: ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, na kumhimiza mfanyakazi aje na mke wake. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa mpango huo. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali na shule. Iligawa posho ya unga, nyama au samaki, mafuta na chumvi, ikihesabu vinywa: mfanyakazi, mke wake mmoja aliyetambuliwa, na watoto wao.

Hapa ndipo desturi ya kulaza wageni ilipogongana na hesabu. Katika daftari la kampuni, jamaa ilikuwa baba, mama na watoto. Mdogo wa baba, mtoto wa dada, shangazi aliyefiwa na mume: hao wote hawakuwa na mstari katika daftari. Aliyefika kulala alikula posho iliyopimwa kwa ajili ya wengine. Wakubwa wa kampuni waliona pia hatari nyingine. Waliogopa maradhi katika nyumba ndogo zilizojaa watu. Waliogopa habari na mafundisho yaliyosafiri na wageni, hasa yale ya Kitawala, ambayo katika miaka ya 1920 na 1930 yalipita kutoka mtu hadi mtu, yakivuka mpaka wa Rhodesia. Kwa sababu hizo, mgeni wa kambini alipaswa kupelekwa kwa msimamizi wa kambi, ambaye ndiye aliyetoa ruhusa ya kukaa.

Tutazame vema maana ya jambo hilo. Mwanamume wa makamo, mwenye mke na watoto, alipofikiwa na kaka yake kutoka kijijini, hakuweza kusema "karibu" kwa kinywa chake peke yake. Karibu ilitolewa ofisini. Tena nyumba ilishikamana na kazi: mkataba ukivunjika, nyumba nayo ilitoka. Mwenye nyumba alikuwa kampuni. Yule aliyeitwa mwenyeji alikuwa, kwa kweli, mgeni wa muda mrefu. Naye alikuwa amepewa jembe tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo desturi haikufa, ilijipinda. Chumba cha mbele kiligeuka usiku kuwa chumba cha wageni, mikeka ikitandikwa baada ya chakula na kukunjwa kabla ya king'ora cha kazi. Mama mkwe, ambaye hapakuwa na nyumba ya pili ya kumlaza, alilazwa kwa mwenzi wa kabila au wa kijiji, na hivyo ujirani ukachukua nafasi ya undugu. Jembe la siku ya tatu likawa ndoo ya maji, mtoto wa kubeba mgongoni, au bustani ya pembeni. Mgeni naye hakuja mikono mitupu: alileta unga wa muhogo, karanga au kuku, akarudi na sabuni, chumvi na nguo. Kwa njia hiyo posho ya kampuni iliwafikia watu ambao kampuni ilikataa kuwahesabu.

Mzigo mkubwa wa mkataba huo ulibebwa na wanawake. Mke ndiye aliyegawa sufuria moja kwa watu wanane badala ya watano, na ndiye aliyelaumiwa na wakwe kwa choyo. Wakati uo huo, walezi wa kizungu wa nyumba za kijamii walimfundisha usafi na utaratibu wa nyumba kwa mfano wa jamaa ndogo ya Ulaya. Alitakiwa kuwa mke mwema kwa mizani mbili zisizolingana.

5. Mtaa wa Waafrika na karatasi

Nje ya kambi hali ilikuwa na nafasi zaidi, lakini si huru. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliweka utaratibu wa mitaa ya Waafrika iliyohesabiwa kuwa nje ya utawala wa kimila, na Elisabethville ikawa na mtaa wa namna hiyo. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilimtaka mtu atokaye katika wilaya yake ya kimila kwa zaidi ya siku 30 awe na karatasi ya ruhusa. Hivyo methali ilipata mshindani: kijiji kilihesabu siku mbili, serikali ilihesabu siku 30, na kila hesabu ilikuwa na adhabu yake. Aliyezidisha siku za kijiji alipata aibu. Aliyezidisha siku za serikali aliweza kukamatwa.

Mwanamke mgeni alishukiwa kuliko mwanamume. Katika miji kadhaa ya Kongo, wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao walitozwa kodi maalumu. Dada aliyekuja kukaa kwa kaka yake mjini alilazimika kueleza yeye ni wa nani. Swali hilo kijijini lingekuwa salamu. Ofisini likawa mashtaka.

6. Baada ya uhuru

Uhuru wa mwaka 1960 uliondoa karatasi nyingi, na mwaka 1967 Union Minière ilitwaliwa na taifa, ikazaa kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Nyumba za kambi zilijaa jamaa, na mfuko wa unga wa kampuni ulilisha vinywa vingi kuliko vile vya daftarini. Lakini swali la nani ni mwenyeji halikuwa limekwisha.

Lilirudi kwa ukali mwaka 1992. Baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa mwezi wa Agosti mwaka huo, chuki iliyokuwa imechochewa na wanasiasa dhidi ya watu wenye asili ya Kasai ililipuka Likasi, na mwaka 1993 ikafika Kolwezi. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Wengi walikaa miezi mingi katika vituo vya reli na mashuleni wakingoja garimoshi, na wengine walifia hapo. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga, kwa baba na mama waliopelekwa migodini na kampuni yenyewe. Waliitwa wageni katika nyumba walimozaliwa, kisha wakapelekwa Kasai, ambako wengi wao walikuwa wageni kweli, wakalazwa na ndugu wasiowajua.

Kwa mwanaisimu, tukio hilo lina funzo chungu. Neno mgeni, ambalo katika lugha zetu lilimwingiza asiyejulikana ndani ya nyumba, lilitumiwa kumtoa anayejulikana. Maana ya heshima ilikatwa, ikabaki maana ya kukosa haki. Ukataji huo haukuanza 1992. Ulianza siku ile ambapo kukaa kwa mtu katika nyumba ya ndugu yake kulifanywa kuwa jambo la ruhusa na daftari, na watu wakafundishwa kwamba mahali pana wenye hesabu na wasio na hesabu. Twapaswa pia kukumbuka kwamba wako majirani waliowaficha majirani zao usiku wakati wa fujo. Hao walifuata mkataba wa zamani, ambao haukuuliza asili ya mtu kabla ya kumpa maji.

Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Posho ilikwisha, na sufuria iliyokuwa ikigawanywa ikawa nyepesi. Leo si ajabu kusikia mjini kwamba ukarimu umekufa. Twaona ni haki kujibu kwamba kilichopungua ni chakula. Adabu yenyewe ilikwisha kupita katika majaribu makubwa kuliko hayo.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kanuni za kulaza wageni katika Katanga zilitungwa na pande tatu: kijiji, kampuni na serikali. Kijiji kiliuliza mgeni ataleta nini na atafanya nini. Kampuni iliuliza atakula kiasi gani. Serikali iliuliza ni wa wapi. Maswali hayo matatu yangali yanasikika kila mlango ubishwapo usiku, na mara nyingi hatutambui ni lipi tunalouliza.

Wanafunzi wetu wana kazi ya kufanya hapa. Msamiati wa kupokea wageni, yaani majina ya matandiko, ya zawadi za kuja na za kurudi, na ya namna za kuaga, haujakusanywa ipasavyo katika Kiswahili cha Kongo, na wazee waliouishi kambini wanazidi kupungua. Yafaa waulizwe sasa. Tena waulizwe wanawake kwanza, kwa maana wao ndio waliokuwa wakihesabu sahani.